Kanzu ya Hotelini

Ukitoka mjini ukapita Kibamba siku hizi, utaona kituo cha mafuta na maduka ya vifaa vya ujenzi. Hapo ndipo ilipokuwa hoteli. Nikiwaambia wanangu kwamba nimezaliwa hotelini wananicheka, wanadhani najikweza. Sijikwezi. Nyuma ya hoteli kulikuwa na kota za wafanyakazi, vyumba sita kwa mstari mmoja, na cha mwisho kilikuwa chetu.

Historia ya hoteli ile niliipata kwa baba, aliyeisimulia kama mtu anayehesabu ukoo wake. Ilijengwa na Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge, enzi ambazo safari ya Morogoro ilikuwa ya kutwa nzima na magari yalichemka njiani. Ilikuwa na baraza pana, sakafu nyekundu ya kusuguliwa kwa nta, na kengele ya shaba ya kuitia wageni mezani. Baba aliingia kama mwosha vyombo, akapanda hadi kuhudumia mezani. Azimio lilipokuja, Mgiriki akaenda zake na hoteli ikawa ya umma. Sehemu hiyo ndiyo baba aliyoipenda kuliko zote. Meneja wa kwanza Mwafrika aliwakusanya wahudumu barazani akawagawia mashati, suruali na viatu vyeusi. Kabla ya hapo walihudumu miguu peku, wamevaa kanzu, mshipi mwekundu na tarabushi, na mtu mzima mwenye watoto aliitwa boi. Viatu vile baba alivipiga rangi kila asubuhi, hata miaka ile ambayo hoteli haikuwa na sabuni wala sukari na mgeni alikula alichokuja nacho.

Miaka ya tisini tukasikia mashirika yanauzwa, na hoteli yetu nayo ikauzwa. Aliyeinunua alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu wa makamo mwenye maneno matamu. Alisema ataifanya hoteli ya kihistoria, watalii waendao Mikumi washuke wanywe chai. Akasema pia kwamba wafanyakazi wazee watapumzishwa, na atakayepumzishwa atarudisha chumba. Mama wakati huo alikuwa mgonjwa wa miguu, hata chooni hafiki bila kushikwa. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, nalala na wenzangu wawili katika chumba kimoja Mabibo. Pa kuwapeleka wazazi wangu sikuwa napo.

Baba alinyamaza, ndiyo hulka yake. Mimi subira sikujaliwa. Ndani ya sanduku lake kulikuwa na picha ya enzi za Mgiriki, wahudumu wamejipanga barazani, baba wa tatu kutoka kulia, peku, tarabushi kichwani. Niliichukua bila kumwambia, nikaenda nayo kwa bwana mpya. Nilitaka aone mzee huyu ameitumikia hoteli tangu lini, aone haya kumfukuza. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Bwana yule aliipeleka picha dirishani, akaitazama mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akasema hicho ndicho alichokuwa akikitafuta, na mzee asiwe na wasiwasi, kazi anayo na chumba anacho. Nilirudi Mabibo nikitabasamu peke yangu njiani.

Wiki mbili baadaye fundi cherehani alikuja kuwapima wahudumu. Kanzu, mshipi mwekundu, tarabushi. Na wageni wa kizungu wakiwepo, viatu vivuliwe, iwe kama kwenye picha. Picha yenyewe ilikuwa imekuzwa na kutundikwa mapokezi, na hapo ndipo baba alipojua imetoka sandukuni mwake.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Jumapili nilipokwenda kuwaona aliniambia tu kwamba ataacha kazi.

"Mie nguo ile nilishaivua, mwanangu."

Nikamjibu papo hapo, kwa ulimi huu huu nilionao: "Baba, ni kanzu tu. Si unavaa kila Ijumaa?"

Alimtazama mama pale kitandani. Kesho yake akaenda kupimwa kanzu.

Hoteli ikapata wateja, hilo siwezi kulikana. Siku moja nilipita mchana kumsalimu, nikamkuta barazani, peku juu ya ile sakafu nyekundu. Mgeni amemwekea mkono begani na mke wa mgeni anawapiga picha. Baba alikuwa na tabasamu ambalo nyumbani hatukuwahi kuliona. Niligeuka kabla hajaniona, nikaondoka.

Mama ndiye aliyeniambia kwamba baba ameacha kuvaa kanzu msikitini. Mtu wa Pwani, aliyezaliwa na kukulia huko huko, anakwenda swala ya Ijumaa na shati la mikono mifupi. Wenzake wakimuuliza, anasema iko kwa dobi. Mama alisema hajapata kumwona dobi wa kukaa na nguo miezi minane. Nikacheka, na nikaelewa nilivyotaka kuelewa, kwamba kanzu yake ya zamani imechakaa na anaona haya kuniomba nyingine.

Idd ilipokaribia nikaenda Kariakoo. Nilizunguka maduka matatu mpaka nikapata kanzu nyeupe, laini, yenye darizi ya hariri shingoni, ya mtu wa heshima. Asubuhi ya sikukuu nilimwamkia, nikampa kwa mikono miwili. Baba aliifungua, akapitisha vidole kwenye darizi polepole. Moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha.

"Ahsante sana, mwanangu. Kitambaa kizuri," alisema. "Ila leo mie siendi kazini."

Hakusema kwa hasira wala kwa kejeli. Aliikunja upya vile vile nilivyomletea, akanirudishia, akachukua mswala wake akaenda kuswali Idd. Nilikaa ukingoni mwa kitanda cha mama na ile kanzu mapajani, nikalia. Mama hakuniambia ninyamaze.