Yule wa Mtoni

Juzi sokoni Kibiti nilimnunulia mwanangu kadi za picha. Nilipochana nailoni, ile harufu ya plastiki mpya ikanipanda puani, nikakasirika palepale mbele ya muuzaji, maskini ya Mungu, asijue amenikosea nini. Harufu ilikuwa ileile ya asubuhi niliyopimwa maneno kule Mohoro, nikiwa chekechea, ili ijulikane kama nafaa kuingia darasa la kwanza.

Mpimaji alikuwa dada mmoja mgeni, ananukia vizuri, kaketi ofisini na mwalimu wetu. Yeye anainua kadi ya picha, mpya, bado yanukia plastiki, wewe unataja jina. Kuku, nikataja. Ndoo, nikataja. Akainua ungo, mie nikasema uteo, kama tusemavyo nyumbani. Akatikisa kichwa. Uteo, jamani! Kitu hichohicho bibi alichopepetea mchele tuliokula jana yake! Hilo nimelisamehe, kwa taabu.

Kisha akamwinua yule wa mtoni. Magamba, mkia, meno nje, kajilaza mchangani. Nikanyamaza. Kwetu jina lile halikutajwa tangu alipomchukua mama mdogo Mwanahawa akiteka maji. "Ukimwita, anaitika," mama alituonya. Na saa ileile mama alikuwa mtoni anafua.

"Huyu nani, mtoto mzuri?"

"Yule wa mtoni," nikajibu kwa adabu zangu zote.

"Ndiyo, lakini jina lake?"

Nikatazama miguu yangu, machozi yananilenga. Kadi akaiacha mezani, na kila aliyoinua baada ya hapo sikuiona. Macho yangu yalikuwa kwa yule, asije akateremka.

Mama aliitwa, akaja na kanga imelowa. Mwalimu akamsogezea kadi. "Mama Somoe, hebu mwambie mwanao, huyu anaitwaje?"

Mama akaigeuza kifudifudi. "Huyo sisi hatumtaji, mwalimu."

Yule dada akamnong'oneza mwalimu, mnong'ono wa kusikika hadi uani: "Kumbe tatizo liko nyumbani. Hata mama mwenyewe hana maneno."

Hana maneno! Mama yangu, ambaye kwenye harusi akianza kuimba mafumbo yake, wenzake hushika mbavu na waliosemwa hujikunyata! Nikilikumbuka hilo hadi leo damu inanichemka.

Zuhura, jirani yangu, akaingia darasa la kwanza. Mie nikarudishwa chekechea na watoto wanaolilia nyonyo. Sare yangu ilikuwa imeshashonwa. Mama aliikunja, akaitia sandukuni.

Miaka mingi niliamini kweli mie ni mtu wa maneno machache. Darasani sikunyoosha mkono hata jibu nikiwa nalo mdomoni. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba asiyelijua neno hunyamaza, na anayelijua mno naye hunyamaza, na yule dada hakuwa na alama ya kuwatenganisha. Angemuuliza mama swali moja tu, "Kwa nini?", angejibiwa. Hakuuliza.

Mwanangu kazitaja kadi zake zote, hata ile. Mtoto wa Kibiti huyo, maji anakinga bombani. Nikamwambia, "Ehee, ndiye huyohuyo."

Na wewe unayenisoma, tangu mwanzo umemjua ninayemsema. Jina lake nimelitaja wapi?