Hadubini ndani ya gunia la unga

Saa tatu asubuhi, Jumanne, mwanamume mwenye mkoba mweusi anashuka kwenye pikipiki mbele ya ghala la zamani la pamba mjini Baraka, mashariki mwa Kongo. Hakupiga simu kabla ya kuja. Anasimama mlangoni, kisha anaanza kuhesabu madirisha kwa kidole.

Ndani, Florentine anaacha kufuta kioo na kuinua sauti.

"Bertin! Letea mugeni maji!"

"Asante mama, sina kiu," anasema mgeni.

Maji yanakuja hata hivyo, baada ya dakika tano nzima. Katika Nyumba ya Majaribio, kituo cha sayansi kilichomo ghalani humo, agizo hilo halihusu kiu. Maana yake ni ficha vitu. Mgeni anapopokea kikombe, Bertin, fundi wa nyumba hiyo, amekwisha kuifunga hadubini kwa plastiki na kuizamisha ndani ya gunia la unga wa muhogo.

"Ordre de mission yako iko wapi, papa?" anauliza Florentine, akitaka barua ya kumtambulisha kikazi.

"Nimeiacha hotelini."

"Aa, hotelini."

Florentine ana miaka arobaini na mitatu na watoto wanne. Zamani aliuza ndagaa huko Mboko, kando ya ziwa. Miaka tisa iliyopita Albert, mwalimu mstaafu wa fizikia aliyeanzisha nyumba hii, alimwajiri kufagia. Leo ndiye anayepokea wageni, kueleza na kutengeneza. Mshahara wake ni dola arobaini kwa mwezi, ukipatikana.

"Siku moja niko nafagia, naona mutoto wa miaka nane anapandisha sac ya ciment na kamba," anakumbuka. "Nikamwambia mwalimu: leo sifagie, nione kwanza."

Kamba ile iliyopandisha mfuko wa saruji na kapi zake bado zinaning'inia darini. Ipo pia baiskeli inayowasha taa ukikanyaga pedali. Madishi mawili ya televisheni yametazamana kutoka kuta mbili, ukinong'ona kwenye moja mwenzako anakusikia kwenye lingine, mita ishirini mbali. Upo pia mchanga mweusi wa ziwani unaosimama kama nywele sumaku ikipita chini ya meza. Hakuna kinachokatazwa kuguswa. Kikivunjika, aliyekivunja anakaa na Bertin mpaka kipone.

Lakini nyumba hii haijawahi kuaminiwa na wote. Wapo wanaodai Albert aliijenga ili apime dhahabu kwa siri. Na mapigano yalipoingia mjini miaka kadhaa iliyopita, ghala lilibaki wazi siku sita. Waya, sumaku, lenzi, vyote viliondoka. Hadubini peke yake ilipona, kwa kuwa Florentine aliifunga mgongoni kwa kitenge akakimbia nayo.

"Njiani mama moja ananiuliza, mutoto iko na miezi ngapi? Nikasema mine." Anacheka, kisha anaacha ghafla. "Tangu pale, muntu mwenye simjue, simuonyeshe kitu."

Ndiyo maana Jumanne ile aliingiwa na shaka mgeni alipochota mchanga mweusi, akausugua kati ya vidole na kuuliza umetoka wapi. Kila mchimbaji wa eneo hili la Fizi anajua kwamba mchanga wa aina hiyo hupenda kukaa pamoja na dhahabu.

"Tulinunua Bujumbura," akajibu Florentine. Ulikuwa uongo mtupu.

"Na mikroskopi? Nilisikia mnayo."

"Banakudanganya, papa. Hapa ni vyuma ya zamani tu."

Mgeni akaandika kitu kwenye daftari, akaacha jina lake, Wilfried, na namba ya simu, akaondoka.

Jioni Albert alipiga simu kutoka Uvira, alikokuwa akitibiwa macho. Aliuliza kama amekwisha kufika mtu anayechagua vituo vya kupewa paneli za sola. Barua ilimfikia wiki iliyopita, naye akasahau kuwaambia.

Florentine alikaa chini. Bila umeme, hadubini inategemea kioo na jua, na mvua ikija darasa linafungwa. Alimpigia Wilfried, akaomba radhi na kukiri kwamba hadubini ipo.

"Alhamisi saa nne nitapita," Wilfried alimwambia. "Saa sita napanda mashua ya Kalemie. Nataka kuiona kwa macho yangu, ikifanya kazi. Nisipoiona, nafunga orodha."

Alhamisi saa nne. Saa hiyohiyo Florentine alikuwa amemwahidi Niyokwizera.

Niyokwizera ni mkimbizi kutoka Burundi, anaishi katika kambi ya Lusenda na kulima shamba la kuazima. Muhogo wake na wa wenzake kumi na mmoja ulikuwa umejikunja majani na kupata madoa ya njano. Neno lilikuwa limeshaanza kuzunguka kambini kwamba wenyeji waliwapa vipando vibovu kusudi, ili wakimbizi wachoke, waondoke. Ijumaa wangekutana na wenye mashamba, na wengine walikuwa tayari kwa ugomvi. Niyokwizera alitaka waone kwanza jani lina nini.

"Wengi wa mashirika wamekuja na fulana na magari," alikuwa amemwambia Florentine sokoni. "Wote wanasema tutarudi. Na wewe utasema hivyo."

"Mi nitakuja Alhamisi," Florentine akamjibu.

Florentine alimwomba Wilfried abadilishe siku au saa. Haikuwezekana.

"Mama, tumia akili," Bertin alimsihi. "Muhogo haikimbie! Unaenda kesho yake."

"Kesho yake batakuwa bameshapigana."

"Na sola?"

"Na ule Wilfried, unamjua we? Labda anatafuta muchanga tu."

"Na kama ni mukweli?"

Florentine akatoka kwenda kutafuta pikipiki ya alfajiri.

Alhamisi alfajiri alitoa hadubini kwenye gunia, akapangusa unga uliopenya kwenye skrubu, akapanda pikipiki. Saa nne jua lilikuwa kali Lusenda. Aliweka hadubini juu ya ndoo iliyopinduliwa na kubandika jani la shamba la Niyokwizera. Simu yake ilianza kulia ndani ya mkoba. Ililia mara tatu.

"Pokea basi," akasema Niyokwizera.

"Angalia kwanza. Zungusha polepole."

Niyokwizera aliinama. Alizungusha, akazungusha, kisha akashtuka na kurudi nyuma. "Wanatembea!"

Walikuwa inzi weupe, wadogo kuliko kichwa cha pini, na watoto wao wamejibandika chini ya jani. Inzi hao ndio hubeba ugonjwa huo kutoka mmea hadi mmea. Florentine akatoa jani la pili, alilolichuma alfajiri hiyo, kwa ruhusa, katika shamba la mwenyeji mmoja kando ya barabara.

"Na hili, angalia."

"Ni walewale," akasema Niyokwizera taratibu. "Kumbe na kwa wenyeji wanakula."

Simu haikulia tena. Saa sita ilipita, Florentine akijua mashua ya Kalemie imeng'oa nanga. Kati ya wakulima wale kumi na wawili, saba walikuwa bado hawajatazama. Alisogeza ndoo kulifuata jua, akageuza kioo, akamwita anayefuata.