Siku Tulipomshusha Mama

Huku Mgeta mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa mboga. Walinichagua kwa sababu nilisoma kidogo na najua kuongea na wenye malori. Mama alipozidiwa, mvua zilikuwa zimekata barabara ya kwetu, na gari la kumpeleka hospitali lilisubiri chini kabisa ya mlima, kwenye barabara kuu. Wanakikundi walikuja wenyewe. Tukafunga kitanda cha kamba kwenye miti miwili ya kubebea, tukaanza kumshusha.

Nikajiweka mbele kutoa amri. "Kulia. Taratibu. Wewe, inua." Njia ilikuwa utelezi mtupu. Kila mbebaji alivutia kwake, kitanda kikayumba, mama akaguna. Alikuwa anasema kitu. Nikamwambia anyamaze, asijichoshe.

Kwenye mteremko mkali mbebaji mmoja aliteleza akapiga goti. Jirani yetu mmoja, mjane ambaye vikaoni hukaa nyuma akichambua maharage yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Tumtue kwanza."

Wakamtua. Akawapanga upya, warefu mbele, wafupi nyuma, kitanda kikae sawa. Yeye akatangulia peku, akipima ardhi kwa mpini wa jembe. Hakuna aliyemuuliza amepewa cheo na nani. Kisha akanigeukia.

"Mwenyekiti, njoo umshike mama mkono. Haya mengine tuachie."

Niliona aibu, lakini nikatii. Mkono ulikuwa umeanza kupoa.

"Mama, ulikuwa unasemaje?"

Alifariki kabla hatujaiona barabara. Mjane ndiye aliyemfumba macho, akasema turudi naye nyumbani, na wote wakageuza bila hata kunitazama.

Baada ya arobaini nilimuuliza mmoja wa wabebaji mama alikuwa anasema nini njiani.

"Alikuwa anauliza kama umekula."

Kikao kilichofuata niliomba kujiuzulu, nikapendekeza mjane ashike nafasi yangu. Alikataa.

"Mimi sijui kusoma, mwanangu. Kaa hapo hapo."

Nimekaa. Mihtasari naandika mimi, na malori nayapigia simu mimi. Lakini mambo yakiharibika, watu hupita mlangoni kwangu wakaenda kwake. Juzi mfereji ulibomoka. Nilipofika nilikuta ameshawagawia watu kazi. Akanionyesha pa kuchimba. Nikachimba.