Surutia Nyuma ya Kioo

Harufu ya nta ya sakafu hunifuata mpaka leo. Juzi niliingia benki pale Kitengela, kukawa na mtu anang'arisha mbao, nikarudi kuwa mtoto wa miaka tisa.

Enzi hizo tuliishi Kisaju. Baba alikuwa amekwenda Ulaya kusoma, kwenye chuo kikuu kikongwe katika mji wa mawe na kengele. Babu akauza ng'ombe ili mimi na mama tukamwone likizo ya Desemba. Nilivaa koti la mtumba lililonifika vifundoni, nikafanana na hema linalotembea, na mama alinicheka njia nzima.

Baba akatupeleka kwenye makumbusho ya chuo, yaliyonukia nta ya sakafu. Tuliongozwa na mwalimu wake, mzee mpole mwenye mvi. Tukapita ndege waliokaushwa, saa za kale, mifupa ya nyangumi. Kisha, ndani ya kabati la kioo, tukaona hereni za shaba zilizojikunja kama gamba la konokono. Surutia. Mama alikuwa amevaa zake, za namna ile ile. Kwetu mke havui surutia mumewe akiwa hai.

Tabasamu likamfifia mama, akamgeukia baba.

"Baba Nashipae, uliza huyu mzee. Mwenye hizi alifiwa, ama alinyang'anywa?"

Baba akakohoa. "Hapa si mahali pa maneno hayo."

"Wewe muulize tu."

Baba akamgeukia mwalimu, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mke wake ameona hereni hizi ni maridadi sana. Mzee akafurahi.

Mama akanitazama. Nilikuwa darasa la nne, na Kiingereza kidogo nilikuwa nacho.

"Baba yako amesema nini?"

"Amesema unazipenda."

Mama akaweka kiganja juu ya kioo, akakiacha pale. Mlinzi akaja mbio. Baba akamshika mama mkono, akauondoa. Ndipo mama akaigusa surutia ya sikioni mwake, akazionyesha zile za kabatini, akamuuliza mzee kwa Kiswahili, polepole: "Huyu mama ni nani?"

Yule mzee alielewa kwa ile ishara. Akainama kusoma kile kibandiko, akainuka uso umemwiva, akasema neno moja kwa sauti ya chini.

"Anasema hawajui," baba akatafsiri.

Nje, juu ya mawe yenye utelezi, baba alinong'ona kwa hasira, "Umeniaibisha mbele ya mwalimu wangu." Mimi nikadhani wamegombania hereni.

Mama hakuigusa habari hiyo tena mpaka nilipokaribia kuolewa. Tulikuwa tunachambua maharagwe.

"Zile surutia zilinihuzunisha," alisema. "Lakini chenye kiliniogopesha ni baba yako. Nilisema kitu nikiwa nimesimama kando yake, yeye akasema kingine, kama mimi siko."

Alikuwa amejua, pale pale, kwamba mtu yule harudi Kisaju. Hakuniambia. Kila likizo niliendelea kufagia uwanja nikimngojea baba, na mama aliniacha nifagie.