Kopo la Poda la Mama Mapendo

Harufu ya poda ya watoto wachanga hunitia wivu hadi leo. Wengine wakiinusa humkumbuka mtoto aliyetoka kuogeshwa; mimi huuona uwanja wa shule yetu ya Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, vumbi jekundu, na kichwa cha Mapendo kikiwa cheupe pe huku mama yake akimtikisia kopo juu ya nywele. Sisi tuliotoka Kivu ya Kusini tulifika kambini na vitu vichache sana, lakini desturi ya kummwagia poda mtoto aliyefaulu hatukuiacha njiani. Muhula ukiisha, wazazi walikusanyika mbele ya madarasa, majina yakasomwa kwa sauti kuanzia wa kwanza kwenda chini, na yule wa kwanza akapita juu ya vitenge vilivyotandikwa ardhini hadi kwa mama yake, ambaye alikuwa ameshafungua kopo. Wenyeji waliopita na ng'ombe wao wa pembe ndefu walisimama kututazama, wakidhani labda tunabatizana. Mtoto ambaye jina lake halikusomwa alizunguka nyuma ya vyoo na kwenda nyumbani kwa njia ya mashambani, asionekane na mtu.

Aliyesoma majina alikuwa baba yangu. Kule kwetu milimani, juu ya Uvira, alikuwa mkuu wa shule, na ingawa Nakivale hakuwa na shule wala meza, watu waliendelea kumwita Direktere. Kila karatasi iliyoingia katika kijiji chetu ililetwa kwake aisome: ya mgao wa mahindi, ya hospitali, ya kanisa. Mwalimu mkuu wa kwanza wa shule ya kambini, mzee mpole ambaye hakupenda kelele, alimwomba awe msomaji wa majina, na baba alivaa koti lake la kijivu, akakohoa mara mbili, akaanza. Sauti yake ilifika hadi kisimani. Na muhula baada ya muhula, jina la kwanza kutoka mdomoni mwa baba yangu mwenyewe lilikuwa la Mapendo, binti wa jirani yetu. Alilitamka polepole, kama mtu anayeonja asali. Langu, Riziki, lilikuja la pili, au la nne, na mwaka mmoja mbaya lilikuja la kumi na moja, na alilisoma haraka akapita.

Nilimwonea Mapendo wivu kwa kila kitu. Nilionea wivu mwandiko wake, ambao ulisimama wima hata juu ya karatasi isiyo na mistari. Nilionea wivu jinsi alivyojifunza Kiingereza bila kuonekana anajifunza, wakati mimi nilikaririshwa hadi mate yakanikauka. Nilimwonea wivu hata kwa kukosa baba, kwa sababu nilihisi kwamba, kwa kukosa wa kwake, alikuwa amemchukua wangu. Jioni alikuja kwetu kubeba moto wa kuwashia jiko, na baba alimweka dakika kumi akimuuliza miji mikuu ya Afrika, naye alijibu huku amesimama na kigae chenye makaa mkononi. Hakuwahi kunikosea. Hilo nalo lilinichukiza, maana lilininyima sababu ya kugombana naye.

Tulipoingia darasa la saba, mambo yalibadilika. Yule mzee mpole aliondoka, akaja Madamu Kemigisha, mwanamke mrefu kutoka Mbarara, aliyevaa viatu vya kiume kwa sababu ya matope. Wiki ya kwanza alikusanya fimbo zote za walimu akazipeleka jikoni kuivishia uji. Wiki ya pili alitutoa kwenye mistari akatukalisha kwa makundi, tukatazamana. Alileta sanduku la vitabu vya hadithi na kuturuhusu kwenda navyo nyumbani, jambo ambalo wazazi wetu waliliona ni wazimu. Alijenga kibanda cha wasichana chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Alikuwa na haraka, akisema shule ya watu wote haina sababu ya kuwa shule ya zamani. Mimi nilimpenda, hadi siku alipowaita wazazi na kuwaambia kwamba majina hayatasomwa tena uwanjani. Kila mtoto angepewa karatasi yake ofisini, peke yake, ndani ya bahasha.

Baba alirudi nyumbani akavua koti la kijivu na kulitundika nyuma ya mlango, na likakaa huko. Hakulalamika, ila alianza kuita shule "pale kwa yule mama". Mimi nilikasirika kuliko yeye. Mwaka ule nilikuwa nimesoma mpaka macho yakaniuma, na nilikuwa na hakika kwamba zamu yangu imefika. Sikutaka bahasha. Nilitaka baba akohoe mara mbili, kisha aseme Riziki, na Mapendo awe amesimama pale akisikia.

Kabla ya mtihani wa mwisho, Madamu Kemigisha alitueleza darasani jinsi matokeo ya Uganda yanavyohesabiwa, kwa kuwa alijua wengi wetu tulilelewa na hesabu ya Kongo, ambako namba kubwa ndiyo ushindi. Hapa, alisema, kila somo hupewa namba kuanzia moja hadi tisa, na moja ndiyo bora. Masomo ni manne, kwa hiyo mwenye jumla ya nne amewapita wote, na mwenye thelathini na sita ameanguka kabisa. Aliandika ubaoni, tukanakili, akaturudisha nyuma akatuuliza tena. Akaongeza kwamba msichana atakayeongoza atapata nafasi moja katika shule ya sekondari ya bweni huko Mbarara, bila wazazi kutoa kitu. Nafasi ilikuwa moja tu. Nilitazama kisogo cha Mapendo na kuona amekiinamisha, anaandika.

Matokeo yalikuja Januari, wakati wa kuvuna maharage. Mapendo alikuwa Ngarama kwa shangazi yake, wakivuna kwenye mashamba ya watu. Niliitwa ofisini peke yangu. Madamu alifungua bahasha yangu akaniambia nimepata ishirini na sita, daraja la tatu, kwamba nimefaulu na ninaweza kuendelea katika sekondari ya hapa karibu. Aliniambia kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma. Kisha akanipa bahasha ya pili, iliyofungwa kwa gundi, ya Mapendo.

"Wewe ni jirani yake," alisema kwa Kiswahili chake cha Mbarara. "Peleka hii kwa mama yake. Ambia yeye akuje kwangu mbele ya Ijumaa. Usisahau, sawa?"

Bahasha niliifikisha. Ujumbe niliumeza njiani, mahali fulani kati ya kanisa na kisima. Mama Mapendo hakujua kusoma, akafanya kama kila mtu alivyofanya kijijini: aliivusha ile bahasha njia na kumletea baba. Baba aliichana kwa uangalifu, akaiweka karatasi ya Mapendo gotini kando ya yangu, akazitazama moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua maharage. Nikaona uso wake unabadilika, na papo hapo nikajua ni kosa gani analolifanya.

"Tisa," alisema. "Mama Mapendo, vumilia. Mutoto amepata tisa. Na ku daraja amebakia ya kwanza, hakupanda."

"Tisa tu? Ku masomo yote ine?"

"Yote ine. Huyu wangu ana makumi mbili na sita, daraja ya tatu. Si mingi, lakini Kiingereza ni luga ya bageni."

Mkono wangu ulisimama ndani ya ungo. Ilikuwa sentensi moja tu: baba, hapa namba ndogo ndiyo kubwa. Ningeweza kuisema kwa lugha tatu. Nilimtazama Mama Mapendo, ambaye alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake bila kulia, halafu nikamtazama baba, naye alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama kabla. Akakohoa mara mbili. "Riziki," alisema, polepole. Nikanyamaza.

Mama Mapendo aliondoka. Nilidhani amekwenda kulia kwake, lakini alirudi upesi na kopo, lile lile la miaka yote, na lilikuwa limejaa. Alikuwa amenunua poda mpya sokoni Kabingo kwa ajili ya siku hiyo.

"Riziki, kuya hapa," alisema. "Hii poda niliichungaka ya Mapendo. Haiwezi kubakia bure, na wewe umetumika mingi ku masomo."

Alinimwagia yeye mwenyewe. Ilishuka masikioni, shingoni, ndani ya gauni, na nilipopiga chafya mama yangu na majirani waliokuja kutazama walicheka kwa furaha. Alipomaliza, alifunga kopo na kuniwekea mkononi, akisema kwake halina kazi tena. Kisha akamwambia mama yangu kwamba Mapendo atabakia Ngarama kwa shangazi, awasaidie na mashamba, kwa kuwa shule imemkataa. Nilisikia kila neno. Usiku wala mchana sikugeuka kwenda kusema ukweli; siku tatu nzima sikuosha kichwa. Nilipita kisimani, nikapita kanisani, nikapita mbele ya nyumba ya Mama Mapendo, nikiwa mweupe, na nakiri kwamba zilikuwa siku tamu.

Ijumaa mchana Madamu Kemigisha alikuja mwenyewe kwa bodaboda. Alinikuta namenya mihogo uani pamoja na mama na wanawake wawili wa kanisani. Hakuuliza chochote mbele yao. Alinitazama nywele, akatazama nyuma ya masikio ambako poda ilikuwa imeganda na jasho, akaniita nyuma ya nyumba.

"Ule mama ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Na hiyo nyeupe ya kichwa?"

Nilimweleza, nikitazama viatu vyake vya kiume. Nilitegemea kofi, na nadhani ningelipokea vizuri kuliko alichosema.

"Mimi natoa ile kusoma majina kwa sababu sipendi mtoto apate haya mbele ya watu," alisema. "Mtoto wa kwanza kusaidiwa na hiyo sheria ni wewe. Kwenda uoshe kichwa."

Halafu aliingia ndani kwa baba. Walikaa, wakuu wawili wa shule, mmoja mwenye shule na mmoja asiye nayo, na kupitia ukuta wa udongo nilisikia akimweleza hesabu ya Uganda taratibu, kama alivyotueleza sisi, akimwita mwalimu kila mara. Hakunitaja. Baba alipotoka alikuwa amevaa koti la kijivu. Aliniamuru nimfuate. Mbele ya Mama Mapendo alisimama wima na kusema mwenyewe kwamba alisoma vibaya, kosa ni lake, mtoto amewapita wote, na nafasi ya Mbarara ni yake ikiwa Madamu ataondoka na jina leo. Mwanaume aliyeheshimiwa na kijiji kizima kwa kusoma karatasi alisema hivyo huku majirani wakisikiliza. Nilikuwa ubavuni pake na nywele zangu mbichi zikitiririka maji, na nilimwacha aubebe mzigo ule peke yake. Tulipokuwa tunarudi alitikisa kichwa, akasema "Tisa," kisha akarudia tena, "Tisa," kwa ile sauti ya asali. Badala ya kuona haya, niliona wivu upya.

Mapendo alikwenda Mbarara. Mimi nilisoma karibu, na kwa miaka sasa nafundisha darasa la pili Nakivale, katika shule ile ile, ambako watoto bado wanakaa kwa makundi na bado hakuna fimbo. Vitabu vya sanduku la Madamu vimechakaa, watoto ni wengi kuliko madawati, na karatasi za matokeo tunazitoa ofisini, kwa kila mzazi peke yake. Nimekuwa mtetezi mkali wa utaratibu huo, na wenzangu hudhani ni kwa sababu nimesomea ualimu.

Mwaka huu, elfu mbili na kumi na tano, Mapendo amefanywa mkuu wa shule iliyoanzishwa na wazazi kule Kakiika, Mbarara. Alinialika siku ya kukaribishwa kwake. Nilizungushwa: umeme wa jua juu ya paa, kompyuta sita chini ya vitambaa vilivyofumwa, matokeo yanayotumwa kwenye simu ya kila mzazi ili jirani asiyaone. Niliona wivu kwa kila kitu, hadi kwa vile vitambaa. Baba, ambaye macho yake sasa hayasomi tena, alikuwa amekaa mstari wa mbele na koti lake, na jina la Mapendo lilipotajwa alikohoa mara mbili.

Nilikuwa na lile kopo mkobani, poda mpya ndani yake. Nilimfuata Mapendo nyuma ya ofisi, mahali pasipo na watu, nikamwomba ainame. Alivaa suti ya buluu, lakini aliinama. Nilipokuwa namwaga, nikasema hatimaye: siku ile nilijua kwamba tisa yake ilikuwa kubwa kuliko ishirini na sita yangu.

"Najua," alisema, macho yamefumbwa. "Si tulikuwa kilasi moja? Balitufundisha siye wote."

Alijua miaka yote hiyo na hakumwambia mtu. Hata katika hilo alikuwa amenipita. Tulicheka, akajifuta mabega, tukarudi kwa wageni. Nilipofika nyumbani Nakivale nilitoa kopo mkobani nikalitikisa, na kulikuwa bado na poda ndani. Nilikuwa nimembania kidogo.