Nyasi za Chepkemboi

Ogeto hakuzaliwa na mkono wa fundi. Alipotoka kwao milimani Kisii, kijana mrefu mwembamba, aliandikwa kuchuma majani chai katika shamba moja kubwa karibu na Kericho, na kila jioni kikapu chake kilikuwa chepesi kuliko vya wenzake. Si kwamba alikuwa mvivu. Shida yake ilikuwa macho. Asubuhi ukungu ulipopanda kutoka bondeni ukifunika mistari ya chai mmoja baada ya mwingine, vidole vyake vilisimama vyenyewe, naye akabaki anautazama mpaka nyapara amfikie na kumuuliza kama ameota mizizi. Mwishowe nyapara alichoka, akampeleka kwa kikosi cha kurekebisha nyumba za wafanyakazi, akashike ngazi.

Baada ya miezi michache ngazi ilishikwa na mwingine na Ogeto akawa juu. Huko juu ya mabati, akili yake iliyozoea kutangatanga ilitulia kama maji kwenye sufuria. Alijifunza kulaza bati juu ya lenzake kwa kufuata upepo, na kupigilia msumari kwenye mgongo wa bati, si kwenye mfereji maji yanapopita. Wenzake walidai akiwa juu alikuwa akiongea na mtu. Kumbe alikuwa anaimba kimoyomoyo, midomo ikamsaliti.

Mwaka wa 1968 yeye na mkewe Nyanchoka walipata kipande cha ardhi huko Soin, chini ambako chai haikubali na jua halina huruma. Januari ikifika, nyasi za Soin hukauka zikawa rangi ya asali, na ukitembea ndani yake husikia zikinong'ona magotini. Watu huchoma mashamba kabla ya kulima, upepo hupanda kutoka upande wa ziwa, na moto humponyoka mwenyewe mikononi. Siku hizo karibu kila nyumba ilikuwa ya nyasi.

Msimu wao wa kwanza wa kiangazi, Ogeto alikuwa uani kwake moto ulipopita ng'ambo ya kijito. Ulikuwa mbali, hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Ndipo akaona kaa moja, dogo kama punje ya mtama, likivuka kijito peke yake hewani. Lilipanda, likashuka, likazunguka kidogo kama linalotafuta mlango. Lilikuwa zuri. Ogeto alilifuata kwa macho mpaka likatua juu ya paa la jirani yake Oyoo, na hata moshi ulipoanza kutoka pale, alichelewa pumzi mbili tatu kabla ya kupiga kelele. Watu walitoka salama. Nyumba haikubaki.

Hakumwambia mtu ila Nyanchoka. Mkewe aliendelea kupepeta mahindi, kisha akasema, "Baba Bosire, kutazama si kosa. Lakini siku nyingine tazama huku unakimbia."

Oyoo alipojenga tena, Ogeto alimwezekea mabati bila kutaka chochote, akisema ni ujirani. Alipomaliza alikaa siku nzima akiizunguka nyumba ile, akiwaza njia za kaa dogo. Aliona kwamba bati peke yake halitoshi, kwa sababu chini ya kila wimbi, pale paa linapokutana na ukuta, kuna kitundu kinachoingia kidole. Akakanda udongo na kinyesi cha ng'ombe, akaziba kimoja kimoja. Kisha akamwomba Oyoo afyeke nyasi zote kuzunguka nyumba, hatua ishirini kila upande. Watu walicheka, lakini kiangazi kilichofuata moto ulipita pale, na nyumba ya Oyoo ilibaki imesimama kwenye majivu, ikimetameta. Tangu hapo Ogeto hakukosa kazi.

Aliyemsumbua ni Chepkemboi, mjane wa Kikipsigis aliyeishi peke yake juu ya kilima. Binti yake Tecla, mwalimu huko Longisa, alimletea mabati, nayo yakakaa yameegemea mti mwaka mzima. Paa lake la nyasi liliezekwa na marehemu mumewe, na bibi huyo alisema hana sababu ya kumvua mzee kofia yake. Alikubali Februari ya mwaka wa 1972, baada ya majirani wawili kuunguliwa na nyumba. Hata siku hiyo, Ogeto alipokuwa akizing'oa nyasi zile na kuzirusha chini, Chepkemboi alizipokea kwa mikono miwili, akazibeba mzigo kwa mzigo hadi kwenye shamba lililokwisha kulimwa, akazilaza pale kwa utaratibu.

Adhuhuri nusu ya paa ilikuwa bati na nusu ilikuwa mbingu. Joto lilipanda kutoka kwenye mabati likifanya vilima vyote viyumbe kama vinaonekana ndani ya maji. Ogeto aliinua kichwa kujifuta jasho, akaona bondeni mstari mwekundu mwembamba, kama ushanga ulioangushwa kwenye nyasi. Moyo wake ulitaka kukaa nao kidogo. Lakini miguu ilikuwa tayari kwenye ngazi.

"Kogo," alimwita, kwa jina ambalo Wakipsigis humwita nyanya, "moto unapanda huku. Rundo hili la nyasi likishika upepo ukija, litaturushia makaa ndani kupitia pale palipo wazi."

Rundo lilikuwa kubwa, haliwezi kuhamishwa na watu wawili. Chepkemboi alilitazama, akatazama bonde. Upepo ulikuwa bado umelala.

"Basi litangulie kuungua," alisema. "Na nitaliwasha mimi."

Aliingia jikoni akatoka na kijinga cha moto. Aliinama kwenye shamba tupu akakigusisha kwenye nyasi, na miaka thelathini ya moshi wa jikoni iliyokuwa imelala ndani yake ikapanda moja kwa moja juu, mizito, yenye harufu ya maziwa na kuni za mzaituni. Rundo lilikwisha upesi. Waliyamwagia majivu yake maji, kisha Ogeto akapanda tena juu na debe la maji na tawi bichi.

Upepo ulipofika, moto ulifika nao. Ulikuta ardhi iliyofyekwa kama kwa Oyoo na shamba jeusi, ukagawanyika mara mbili, ukapita kulia na kushoto kwa nyumba. Makaa yalinyesha juu ya bati yakilia ti, ti, ti, yakazima. Yaliyoelekea upande ulio wazi Ogeto aliyapiga kwa tawi, mengine yakampita, na Chepkemboi ndani akayakanyaga kwa viatu vya marehemu. Kisha kukawa kimya. Jua lilikuwa dogo na jekundu, na majivu yalishuka polepole, mepesi, kama yamesahau yalikokuwa yakienda.

Ogeto aliposhuka alimkuta Chepkemboi amekaa kitandani anatazama juu. Alichukua nyundo amalize kazi, lakini bibi akamwambia arudi kesho. Kwa leo alitaka paa likae hivyo hivyo, nusu. Ogeto alielewa. Alikaa naye kwenye kigoda, wote wakitazama majivu yakiingia nyumbani, mpaka Nyanchoka alipokuja kumtafuta, uso mweusi kwa masizi.

Machi, mvua ilipoanza, Chepkemboi alimtumia ujumbe aende mara moja. Ogeto alipanda kilima akikimbia na mkoba wa vifaa, akiwa na hakika kwamba paa linavuja. Aliingia akiwa amelowa, akakagua kila kona. Palikuwa pakavu.

"Mahali gani, kogo?" aliuliza kwa sauti kubwa, maana kishindo cha mvua juu ya bati kilikuwa kimejaza nyumba yote.

Bibi aliashiria masikio yake, kisha mabati juu, akamsogezea mursik, yale maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, akamwonyesha mahali pa kukaa.