Vyungu Sita vya Maji

Saa saba na dakika ishirini mchana mshale wa joto la injini ulianza kupanda. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu nilikuwa nimetoka kutazama saa ya mkononi, nikipima kama nitamkuta mwenyekiti wa kijiji niliyekuwa nikimwendea kabla hajafunga ghala. Kazi yangu ilikuwa kukagua mizani. Nilizunguka na mawe ya kupimia ndani ya sanduku la mbao, kijiji baada ya kijiji, nikihakikisha kwamba kilo ya tumbaku au ya asali ni kilo kweli.

Gari lilikuwa langu. Nililinunua kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, pamoja na kitabu chake cha matengenezo. Shule niliiacha darasa la nne, lakini kitabu kile nilikisoma ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa pembeni, na ndiyo maana Jumapili iliyotangulia nilibadilisha maji ya rejeta kwa mikono yangu mwenyewe. Gereji ya wakala wa magari pale mjini Tabora ilitaka shilingi themanini na tano. Nilimwambia fundi mkuu kwamba kazi yenyewe ni kufungua koki ya chini, kumwaga, kusuuza, kufunga, kisha kujaza maji mapya yenye dawa ya kutu.

"Sasa mzee wa mizani," alinijibu, "kitabu umekisoma wewe. Injini haijakisoma."

Vijana wake walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Nilikwenda dukani nikanunua dawa ya kutu kwa shilingi kumi na nane na kibanio kipya cha mpira kwa shilingi nne. Maji ya zamani yalitoka yakiwa na rangi ya chai iliyolala. Nilisuuza mara tatu, nikafunga koki kwa vidole, nikajaza. Kitabu kilisema koki ikazwe kwa koleo. Niliona kwamba vidole vinatosha.

Njia niliyokuwa nikiifuata siku ile ni ile ya misafara ya zamani, inayotoka Tabora kuelekea magharibi. Mahali pengine imekuwa barabara, pengine imebaki ukanda wa ardhi ngumu katikati ya miombo, iliyoshindiliwa na miguu ya wapagazi kiasi kwamba majani hayaoti vizuri mpaka leo. Mshale ulipofika kwenye nyekundu nilizima injini nikaliacha gari liteleze hadi likasimama lenyewe. Nilipoinua kichwa niliona kwamba nimesimama mbele ya kijiji.

Nilikijua. Watu wake walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa mwaka uliotangulia. Walipoondoka walibeba miti ya mapaa, milango na hata vizingiti, na kisima kikafukiwa ili mtu asipate sababu ya kurudi. Zilikuwa zimebaki kuta za nyumba saba, zimekaa kwa duara, wazi juu.

Nilisubiri injini ipoe. Ilikuwa ikitoa milio midogo, tik, tik, na baada ya muda niligundua kwamba hiyo ndiyo sauti pekee. Hapakuwa na ndege. Nilifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikachungulia, palikuwa pakavu. Nikalala chini. Koki ilikuwa imelegea kwa mtikisiko wa barabara na maji yote yalikuwa yameachwa njiani, tone kwa tone. Niliikaza kwa koleo, safari hii kwa nguvu.

Ndipo nilipoingia kijijini kutafuta maji, bila matumaini makubwa, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba uwanja ulikuwa umefagiliwa. Haukufagiliwa juzi wala jana. Mistari ya ufagio ilikuwa bado imesimama kwenye mchanga, imepinda kama nusu miezi, kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na juu yake hapakuwa na unyayo wa mtu, wa mbuzi wala wa kuku. Nilipogeuka niliona nyayo zangu peke yake zikinifuata.

Kwenye mlango wa nyumba ya kwanza, pale ambapo mlango ungekuwa, kilikaa chungu kidogo kimefunikwa kwa jani. Ndani yake mlikuwa na maji, safi, yamejaa hadi ukingoni. Mlango wa pili hivyo hivyo. Nilitazama milango yote: vyungu vilikuwa sita, na nyumba ya saba haikuwa na kitu.

Sikuwa mtu wa kuogopa vitu kama hivyo. Nilijiambia kwamba mvua haijanyesha miezi mingi, kwa hiyo kuna mtu aliyeyaleta, na mtu huyo akija nitamlipa. Nilivichukua vyungu kimoja kimoja, nikavimimina kwenye rejeta, nikavirudisha mahali pake. Cha sita kilipoisha maji yalikuwa yamekaribia shingo. Nilikuwa nafunga kifuniko niliposikia sauti nyuma yangu.

"Hata hodi hukupiga?"

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, miaka arobaini na kitu, ana ufagio mkononi na kaniki kiunoni. Sikumsikia akija. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amefagia akirudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa miti, akifuta nyayo zake mwenyewe, na akakaa huko kunitazama.

"Samahani, mama," nikasema. "Nilidhani hapana watu."

"Unaingia nyumba saba za watu, unabeba maji mlangoni, unasema hapana watu." Alitembea akachungulia chungu cha kwanza, kisha cha pili. "Yote?"

"Yote. Gari lilikuwa limekauka."

"Umelinywesha gari," akasema taratibu, kama anayejisomea jambo ili alielewe.

Nilitoa pochi. Akaitazama kama mtu anavyotazama kitu kilichookotwa.

Mtoto wake wa mwisho, akaniambia, alikuwa amelazwa hospitali ya Kitete siku ya tano, ana homa na degedege. Huko kijiji kipya ndugu walikuwa wameona chanzo: wazee waliozikwa hapa wameachwa na kiu, hakuna anayewafagilia. Kwa hiyo alitoka alfajiri, akachota kisimani huko kabla mtu mwingine hajatia kata, akayabeba kichwani njia yote, akawawekea kila mmoja mlangoni pake. Yalipaswa kuwepo mpaka jua litue.

"Panda garini," nikasema. "Tukachote mengine. Tutarudi kabla ya jua kutua."

"Nionekane narudi huku na gari? Kesho waliotuhamisha watakuja kubomoa na hizi kuta."

"Basi nitakwenda peke yangu."

"Wewe ni nani kwao? Maji ya kuchotwa na mgeni hawayajui. Na ya mchana si ya alfajiri." Alikaa chini kwenye kizingiti kisichokuwepo. Hakulia. "Nenda zako, baba. Wakiuliza, nitawaambia ni wewe."

Nimejaribu mara nyingi kueleza kwa nini maneno hayo yaliniingia vile. Hayakusemwa kwa ukali. Yalisemwa kama unavyomwambia mtu kwamba barua yake utaifikisha. Nililitazama gari. Maji aliyoyachota alfajiri yalikuwa mle ndani, yote, na mimi nilijua jinsi ya kuyatoa.

"Leta vyungu," nikasema.

Nililala tena chini nikaifungua koki. Nilimwonya kwamba huenda yamechanganyika na mabaki ya dawa.

"Dawa ya nini?"

"Ya kuzuia kutu."

Akafikiri. "Walioko chini kutu wanaijua. Haitawadhuru."

Maji yalikuwa yamepata uvuguvugu na wekundu kidogo. Kila chungu kilipojaa nilifunga koki, naye akakipeleka mlangoni, akaniita, akanifanya nisimame na kusema hodi. Nilisema. Mlango wa kwanza niliona haya, wa pili pia. Kufikia wa nne nilikuwa nasubiri kidogo baada ya kusema, na yeye pia alikuwa akisubiri, kisha anaitikia kwa kichwa na tunaondoka.

Vyungu vyote sita vilijaa. Nikainua mkono niifunge koki, lakini maji yalikuwa bado yanatoka.

"Kuna chombo kingine?"

Alikimbia akaleta kibuyu chake cha kunywea. Kikajaa, na kilipojaa maji yakakatika. Alikishika kwa mikono miwili, akatazama nyumba ya saba.

"Huyu sikumbebea," akasema. "Kichwa kilikuwa kimechoka. Nilimwambia anisamehe."

Ninajua kwamba ndani ya injini hubaki maji ambayo mtu hawezi kuyaona kwa kuchungulia rejeta. Hayo ndiyo maelezo yangu na sina mengine. Tulipokwenda mlango wa saba nilisema hodi, na siwezi kuapa kwamba sikusikia kitu, wala kwamba nilisikia.

Jua lilipotua alifagia nyayo zetu, akaniambia nisigeuke, akapotea kwenye miti. Nilikaa ndani ya gari kavu hadi lori la tumbaku likapita na kunivuta kwa kamba hadi mjini. Dereva alitaka shilingi mia moja na sikubishana naye. Gereji waliweka koki mpya, wakasuuza, wakajaza, na bili yao ilikuwa shilingi mia moja na thelathini.

Wiki chache baadaye sokoni mtu alinishika kiwiko. Alikuwa yeye, na nyuma yake mtoto mwembamba, macho makubwa, anatafuna muwa.

"Gari limepona?" akauliza.

"Limepona. Na huyu?"

"Si unamwona anavyonimalizia muwa? Msalimie baba."

"Shikamoo," akasema mtoto.

Nilimwitikia. Waganga wa Kitete walikuwa wamemtibu wiki nzima kwa sindano, nalisema hilo kwa haki. Nyumbani nilikaa nikapiga hesabu: gharama yangu ya kwanza, lori na gereji, nikatoa themanini na tano ambazo ningelipa tangu mwanzo. Kwa kutengeneza gari langu mwenyewe nilipata hasara ya shilingi mia moja sitini na saba.